Video inapokataa kufunguka: fungua dirisha moja, usibomoe ukuta wa nyumba



Tangu Machi 2020, wakati ibada zilipositishwa katika nchi yetu kwa sababu ya Korona, video imeingia katika maisha ya makanisa yetu na haijatoka tena. Kwa njia hiyo tunafuata mazishi ya watu wetu walio mbali, ndoa za watoto walioko ng'ambo, mafunzo ya wachungaji na mikutano ya idara. Mara nyingi, saa ikifika, tunakuta kioo cheusi na kaduara kanakozunguka bila mwisho.

Watu husema upesi: "Ni rezo." Mara nyingi wana haki, lakini si kila mara. Makala hii inaeleza sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii: ulinzi wa faragha ulio ndani ya navigateri, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti kama Chrome, Firefox, Safari, Edge au Brave. Ulinzi huo ni mzuri, na unatusaidia kila siku bila sisi kujua. Lakini wakati mwingine unamfukuza mgeni tuliyemwalika. Tuone namna ya kumfungulia mgeni huyo bila kuwafungulia na wezi.

Kosa langu mwenyewe

Naanza na kosa langu, ili asiwepo mtu wa kulirudia. Mama mmoja mjane wa parokia yetu alifiwa na binti yake aliyekuwa akiishi Marekani. Hapakuwa na njia ya kusafiri. Watoto wa marehemu walituma anwani ya ukurasa ambamo mazishi yangeonyeshwa moja kwa moja, pamoja na neno la siri. Mama alikuja nyumbani kwetu na dada zake, tukaketi mbele ya kompyuta yangu. Mega zilikuwepo, umeme ulikuwepo. Ukurasa ulifunguka, foto ya marehemu ikaonekana, lakini mahali pa video palikuwa peusi. Niliandika neno la siri, nikaombwa kuliandika tena, na tena.

Mama alikuwa ananitazama, dakika zinakwenda. Nikaingia katika parametre za navigateri na kuzima kila ulinzi niliouona. Nikakubali kila dirisha lililojitokeza. Moja kati ya hayo liliniambia niongeze kiprogramu cha kuonyesha video, nikakiongeza bila kusoma. Video ilikuja mwishoni kabisa, wakati watu walikuwa tayari wanaondoka kaburini.

Siku chache baadaye watu waliniuliza kwa nini ninawaomba pesa kwa njia ya barua pepe. Mtu alikuwa ameingia katika akaunti yangu. Ndani yake mlikuwa na barua za miaka mingi, na pia orodha ya familia zilizohamishwa na vita na nyumba zilizowapokea. Sikuweza kulala. Sijui kama kuna aliyeisoma orodha hiyo, lakini ilinibidi niende kuwaambia wenyewe, nyumba kwa nyumba.

Baadaye kijana mmoja mwenye ujuzi alinionyesha kwamba siku ile ilitosha kugusa alama moja ndogo kando ya anwani. Alama moja, kwa ukurasa mmoja. Mama yule angemwona binti yake tangu mwanzo, na orodha ile ingebaki salama.

Kuki ni nini, na kwa nini zinazuiwa

Mwaka 1994 Lou Montulli, aliyekuwa akitengeneza programu katika kampuni ya Netscape, alibuni kitu kidogo kinachoitwa kuki. Kabla ya hapo tovuti haikuwa na njia nzuri ya kukutambua: kila ukurasa uliofungua ilikuona kama mtu mpya. Kuki ni maandishi mafupi ambayo tovuti inayaacha ndani ya mashini yako. Ukirudi, inayasoma na kujua ni wewe. Ni kama kile kikaratasi chenye namba unachopewa ukifika kwenye kituo cha afya: bila hicho, kila chumba unachoingia wanakuuliza upya jina lako na shida yako.

Sasa angalia ukurasa wa kanisa lolote. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini ndani yake mna vipande vilivyotoka kwa wengine. Maandishi ni ya kanisa, video inatoka kwa kampuni ya video, ramani inatoka kwa kampuni nyingine, na matangazo ya biashara yanatoka kwingine tena. Kila kipande kinaweza kuleta kuki yake. Zile zisizotoka kwa mwenye ukurasa zinaitwa kuki za mtu wa tatu. Katika simu yenye Kifaransa utasoma "cookies tiers".

Shida iko hapo. Kampuni ya matangazo ambayo kipande chake kimo ndani ya maelfu ya kurasa inaweza kujua kwamba mtu yuleyule asubuhi alisoma habari za mapigano, mchana alitafuta dawa ya ugonjwa fulani, na jioni aliangalia ibada. Haikuombi ruhusa, na huioni. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa navigateri walianza kuzuia. Safari ya Apple ilianza mwaka 2017, na mwaka 2020 ikazuia kuki zote za mtu wa tatu. Firefox iliwasha ulinzi wake kwa watumiaji wote mwaka 2019, na mwaka 2022 ikaanza kuifungia kila tovuti kuki zake katika chombo chake peke yake. Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba Chrome itaziondoa, kisha ikabadili mpango, na kwa kawaida Chrome inaziruhusu bado, isipokuwa katika dirisha la faragha.

Hapo unaelewa jambo linaloshangaza wengi: anwani ileile inafunguka vizuri katika simu ya jirani na inakataa katika yako. Navigateri zenu hazina sheria moja.

Video iliyopachikwa ndani ya ukurasa wa mwingine ni mtu wa tatu pia. Kama inahitaji kuki ili ijue kwamba umeshaandika neno la siri, na navigateri inaikataza, basi kila mara itakuona mgeni. Ndiyo maana niliombwa neno lilelile tena na tena.

Kwanza hakikisha ugonjwa

Daktari hatoi dawa kabla ya kupima. Kabla ya kugusa parametre yoyote, fuata hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, jaribu video nyingine katika tovuti nyingine. Kama hiyo nayo haichezi, shida ni rezo au mega, si faragha. Punguza ubora wa video. Katika YouTube kuna ubora wa 144 na 240 unaohitaji kidogo sana.

Pili, angalia tarehe na saa ya mashini. Kompyuta ambayo betri yake ya ndani imekufa inarudi miaka ya nyuma kila ikizimwa, na kurasa nyingi zinakataa kufunguka kwa sababu hiyo.

Tatu, angalia umefungulia wapi. Ukigusa anwani ndani ya Facebook au Messenger, inafunguka ndani ya programu hiyohiyo, si katika navigateri yako. Gusa vidoti vitatu, kisha uchague kufungua katika navigateri.

Nne, angalia kama uko katika dirisha la faragha, lile wengi wanaloita "incognito". Huko ulinzi unakuwa mkali zaidi. Funga dirisha hilo, ufungue la kawaida.

Tano, kama unatumia Opera Mini ili kuokoa mega, fahamu kwamba inabana kurasa kabla ya kukuletea, na katika hali yake kali ya kubana video nyingi hazichezi. Tumia navigateri nyingine kwa muda huo.

Sita, fungua anwani ileile katika navigateri ya pili. Ikicheza huko, umepata jibu: rezo haina kosa, ni parametre za navigateri ya kwanza. Na kama haraka ni kubwa, unaweza kuishia hapo na kuangalia katika hiyo ya pili. Hukuvunja kitu.

Kuna dalili zinazosaidia. Ukurasa wote unaonekana lakini mahali pa video ni peupe au peusi: inaelekea kipande cha video kimezuiwa. Unaombwa kuingia tena na tena: ni kuki. Video inacheza bila sauti: si ugonjwa, maana navigateri nyingi zinazuia sauti mpaka uguse mwenyewe. Video inaanza kisha inakatika-katika: ni rezo.

Namna ya kufungua kwa ukurasa mmoja tu

Kanuni ni moja kwa zote: tafuta ruhusa ya ukurasa huu, usizime ulinzi wa kurasa zote.

Firefox. Kushoto kwa anwani, juu, kuna alama ya ngao. Iguse. Utaona kifungo cha "Protection renforcée contre le pistage". Kizime. Kinazimika kwa tovuti hiyo peke yake, na ukurasa unajifungua upya. Kama katika parametre ulichagua kiwango kikali, "Stricte", jua kwamba kiwango hicho ndicho kinachovunja video mara nyingi. Kiwango cha "Standard" kinatosha kwa watu wengi.

Chrome kwenye kompyuta. Kama kuki za mtu wa tatu zimezuiwa, kuna alama ya jicho mwishoni mwa sehemu ya anwani. Iguse na uruhusu kwa tovuti hiyo. Ruhusa ni ya muda. Unaweza pia kuingia "Paramètres", kisha "Confidentialité et sécurité", kisha "Cookies tiers". Humo mna mahali pa kuandika tovuti zilizoruhusiwa. Andika hiyo moja.

Chrome kwenye simu ya Android. Gusa alama iliyo kushoto kwa anwani. Utaona sehemu ya kuki, na ndani yake ruhusa ya tovuti uliyo nayo.

Edge. Gusa kufuli lililo kando ya anwani, tafuta sehemu ya "Prévention du suivi", na uizime kwa tovuti hiyo.

Brave. Gusa alama ya simba. Teremsha ngao kwa tovuti hiyo. Tovuti nyingine zinabaki na ngao zao.

Safari kwenye iPhone. Hapa kuna ugumu: kifungo cha kuzuia ufuatiliaji kati ya tovuti na tovuti kimo katika parametre za Safari, nacho ni kimoja kwa kurasa zote. Kwanza omba anwani ya video yenyewe, usitumie ile ya ukurasa ilimopachikwa, kwa maana video ikifunguliwa nyumbani kwake si mtu wa tatu tena. Isipowezekana, zima kifungo, angalia video, na mara inapokwisha ukiwashe. Andika kwenye karatasi ili usisahau.

Viprogramu vya kuzuia matangazo. Kama uliongeza kimoja, nacho kinaweza kuzuia kipande cha video. Vingi vina kifungo cha kujizima kwa tovuti moja. Tumia hicho, usikiondoe kabisa.

Baada ya kila badiliko fungua ukurasa upya kabla ya kujaribu lingine. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha matano kwa pamoja, video ikicheza hutajua ni lipi lililosaidia, na manne yaliyobaki yatakaa wazi bure.

Yasiyotibiwa kwa dawa hii

Filamu na mipira ya kulipia hufungwa kwa ulinzi wa haki za mwenye kazi. Navigateri inahitaji ruhusa nyingine ili kuzionyesha, na Firefox na Brave zinaweza kukuuliza. Video ya ibada au ya mazishi kwa kawaida haihitaji jambo hilo. Ukiulizwa kwa video kama hiyo, simama kwanza.

Tena, kuna kuzuiwa kunakotoka nje ya mashini yako. Wote tunakumbuka jinsi intaneti ilivyokatwa nchini baada ya uchaguzi, tangu mwisho wa Desemba 2018 hadi Januari 2019. Siku kama hizo hakuna parametre itakayokusaidia. Wako wanaotafuta njia ya kupita kwa programu za VPN. Mimi nasema jambo moja tu juu yake: VPN ya bure kutoka kwa mtu usiyemjua inaona tovuti zote unazotembelea, kwa hiyo umeacha mfuatiliaji mmoja ukamwajiri mwingine. Na tovuti nyingine za video, zikiona VPN, zinakataa kucheza mpaka uthibitishe kwamba wewe ni mtu na si mashini.

Mambo ya kukataa hata kama saa imefika

Haraka ndiyo inayotuangusha. Kwa hiyo tuamue mapema mambo ambayo hatutayafanya hata kama watu wote wanatutazama.

Usiongeze kiprogramu chochote ambacho ukurasa unadai ni cha lazima ili video icheze. Navigateri za leo zinacheza video zenyewe. Anayekuambia vingine ana haja yake.

Usiruhusu ukurasa wa video kukutumia taarifa, kujua mahali ulipo, au kutumia kamera na mikrofoni yako. Anayetazama hahitaji kamera. Mikutano ya kuzungumza pande mbili ni jambo lingine.

Usiandike neno la siri la barua pepe yako ili kuona mazishi au ibada. Neno la siri la video na neno la siri la barua ni funguo mbili tofauti.

Usizime ulinzi katika mashini yenye siri za watu. Kama kompyuta ya ofisi ina majina ya wakimbizi, ya wagonjwa au ya watoto, itumie kwa kazi hiyo, na video itazamwe kwa simu nyingine. Nchi yetu ina Kodi ya Numerike ya tarehe 13 Machi 2023 inayozungumza juu ya ulinzi wa habari za watu. Lakini kabla ya sheria, ni uaminifu: mtu aliyekupa jina lake akiwa katika hofu alikuamini wewe, si mashini yako.

Video ikiisha

Rudi ulipopita. Washa tena ngao ya Firefox au ya Brave kwa tovuti ile. Katika Chrome, ondoa tovuti katika orodha ya zilizoruhusiwa kama huitumii tena. Washa kifungo cha Safari. Ukiwa umetumia kompyuta ya cyber au ya rafiki, toka katika akaunti yako, kisha ufute kuki za siku ile. Kazi hii ni ya dakika mbili. Mimi niliiacha, na ilinigharimu miezi.

Neno kwa wanaorusha video

Mzigo huu wote usiwe wa mtazamaji. Makanisa yanayorusha ibada na mazishi yanaweza kupunguza shida kabla haijaanza.

Tumeni anwani ya video yenyewe pamoja na ile ya ukurasa wenu. Jaribuni siku moja kabla, kwa simu ya Android, kwa iPhone na kwa Firefox, kwa sababu inayofunguka kwa mpangaji inaweza kukataa kwa bibi aliye kijijini. Msiweke neno la siri kama halina sababu, na kama lipo, mlijaribu. Acheni video ibaki baada ya tukio, ili aliyekosa saa ile aweze kuiona usiku wakati rezo imetulia. Tayarisheni na sauti peke yake: video ya saa moja kwa ubora wa kati inakula mega mia kadhaa, lakini sauti ya saa hiyohiyo ni ndogo sana, na inaweza kupita WhatsApp hadi mahali ambapo video haifiki.

Na kamera isigeukie kila uso. Kuna watu katika makusanyiko yetu ambao hawapaswi kuonekana mahali walipo leo. Faragha tunayoitafuta katika simu zetu tuwape na wao.

Mama yule mjane bado anakuja kanisani. Watoto walimtumia baadaye video nzima ya mazishi, tukaiangalia pamoja katika simu, ikafunguka mara moja, maana ilikuwa anwani ya video yenyewe. Aliangalia mpaka mwisho, akasema, "Sasa nimemzika." Siku ile nilielewa kwamba alama ndogo kando ya anwani si jambo la mafundi tu. Tujifunze mahali ilipo kabla hatujaihitaji, na tuwafundishe wazee wetu.

Bwana awalinde ninyi na nyumba zenu.